Muulize Mjomba Brashi: Kuchora theluji ukiwa nje, kwa rangi za mafuta

Toleo lililopita niliropoka mwishoni kwamba mwezi huu tutaongelea kuchora mandhari ya winta kwa rangi za mafuta, tena nje kabisa, miguu ndani ya theluji, sio kutoka kwenye picha ya simu. Kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimekuja kutoka Edmonton, Toronto, Minneapolis, mpaka Moshi, na kuna mmoja wa Mombasa kanitukana kwa adabu kabisa. Kwa wageni wa safu hii, mi ni mtoto wa Tanga, naishi nje kidogo ya Oslo mwaka wa kumi na saba sasa, na kila winta naenda kuganda kwa hiari yangu.

Shikamoo Mjomba. Kwetu Mombasa nilikuwa nachora minazi na madau kwa rangi za mafuta, sikuwa na shida. Mwaka jana nimehamia Canada, nikasema ngoja nichore theluji. Nimetoka nje ni -18, dakika ishirini tu rangi imekuwa ngumu, brashi inakwaruza kibao, vidole sivisikii, nikarudi ndani nalia kweli kweli. Rangi za mafuta huwa zinaganda? Nihamie akriliki? – Aliyeganda, Edmonton

Marahaba mwanangu, pole sana. Usihamie popote.

Rangi za mafuta hazigeuki barafu kwa baridi kama hiyo, kwa sababu ndani hamna maji, ni unga wa rangi na mafuta ya mbegu za kitani basi. Umeshawahi kubeba mafuta ya nazi kwenda Lushoto mwezi wa saba? Asubuhi unageuza chupa kichwa chini, hayatoki. Ya kitani hayafiki huko, ila yanakuwa mazito, yanavutana, na brashi inashindwa. Akriliki ndo usithubutu, ile ina maji, ikiganda kwenye tyubu alafu ikayeyuka inakuwa mabonge mabonge, na hata isipoganda, chini ya nyuzi 10 hivi ikikauka haishikani vizuri, baadae inapasuka na kubanduka. Rangi za maji nazo zinafanya maua ya barafu kwenye karatasi, mazuri sana kuangalia, tatizo unakuwa hujayachora wewe.

Sasa, tyubu zako zilale ndani ya nyumba, sio kwenye gari. Kamua rangi kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi, ukiwa jikoni kwako kabla ya kutoka, maana kufungua kifuniko cha tyubu na glavu kwenye -18 ni adhabu ya jela. Nyeupe ndo inayotangulia kugoma na ndo utakayoitumia kuliko zote, kwa hiyo tyubu yake ya akiba iweke mfuko wa ndani wa jaketi, karibu na mwili. Itie tone moja au mawili la mafuta ya kitani au ya jozi, uipige na kisu cha paleti mpaka iwe kama siagi iliyokaa mezani. Usimwage tapentaini nyingi ukidhani ndo unailainisha, rangi inakuwa dhaifu, inashuka kama uji.

Brashi laini ziache nyumbani. Chukua zile ngumu za manyoya ya nguruwe, na kwa ambao mnaona tabu kuzishika, zipo za nyuzi ngumu za plastiki zinafanya kazi ileile, mi mwenyewe natumia hizo ili bibi yangu akija kunitembelea tusigombane. Baridi ikifika -20 naachana na brashi, nachora na kisu karibu picha nzima.

Mwili sasa. Baridi inakuingia kutokea chini, kwenye nyayo, watu wanajaza makoti juu alafu wanasimama kwenye theluji na buti za kubana. Simama juu ya kipande cha zulia kuukuu au boksi la kadibodi lililokunjwa mara mbili, utanishukuru. Buti ziwe kubwa namba moja zaidi, soksi za sufu, na usivae pamba karibu na ngozi kwa sababu ikishalowa jasho la kutembea ndo friji yenyewe hiyo. Glavu vaa mbili, ya ndani nyembamba ya kushikia brashi, ya nje ile kubwa ya kidole gumba peke yake, unaichomoa unapochora unairudisha unapofikiri. Na chupa ya chai. Chai ya tangawizi, tafadhali, sio kahawa ya mashine.

Kibao chako kiwe kidogo, 20 kwa 25 sentimita kinatosha sana, na kiwe kibao kweli, mbao au hadibodi, maana kanvasi kubwa kwenye upepo inageuka tanga la ngalawa na wewe ndo nahodha usiyejua unapelekwa wapi. Saa moja, saa moja na nusu, funga mzigo.

Jambo moja la mwisho, naliandika taratibu ulisome taratibu. Vipeperushi vya huku vinasema ngozi ikigeuka nyeupe ujue baridi imeanza kuila. Ngozi zetu zinapauka kama majivu tu, na mara nyingi hutaona kitu kabisa, kwa hiyo usisubiri rangi, sikiliza maumivu. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ghafla hakijazoea, kinakufa ganzi, ingia ndani, picha iache hapo hapo. Kidole kiweke kwapani. Usikisugue na theluji kama wazee wa huku walivyokuwa wanafanya, na usikisogeze kwenye moto, maana hakisikii, kitaungua huku unakiangalia.

Habari za baridi Mjomba. Nimechora bustani ya karibu na kwetu siku theluji ilipoanguka. Nimemaliza tyubu nzima ya nyeupe. Mume wangu kaiangalia kidogo, kaniuliza, mbona ukuta wa chokaa umelala chini? Kosa langu liko wapi? – Mke wa Mkosoaji, Toronto

Mwambie mumeo ana jicho, ila asizoee. Kosa liko kwenye hiyo tyubu nzima.

Kumbuka barazani kwetu saa kumi jioni, mzee kakaa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, nusu ya kanzu iko juani, nusu iko kivulini. Muulize mtoto yeyote kanzu ina rangi gani atakwambia nyeupe. Sasa chukua karatasi utoboe tundu dogo, fumba jicho moja, itazame ile kanzu kupitia kwenye tundu kipande kwa kipande. Ya juani ni kama maziwa yaliyodondokewa na tone la chai. Ya kivulini ni bluu, bluu kabisa, utashtuka. Na chini karibu na sakafu ya saruji nyekundu kuna wekundu unapanda kwenye pindo. Theluji ndo hiyo kanzu imetandikwa nchi nzima. Yenyewe haina rangi, inaazima kwa majirani. Pale jua linapofika inachukua umanjano wa jua, na winta jua liko chini siku nzima kwa hiyo mwanga wake ni wa jioni jioni tu. Pale jua lisipofika, kinachomulika ni anga peke yake, na anga ni bluu. Siku ya mawingu, anga yote kijivu, vile vivuli vya bluu vinayeyuka, unabaki na kijivu cha aina kumi, na hapo ndo utajua kama unaweza kuchanganya rangi au ulikuwa unabahatisha.

Ukitoka tena anza na vivuli kwa sababu vinatembea. Hapa kwetu mwezi wa kumi na mbili jua linatoka saa tatu na kitu asubuhi, saa tisa na kitu mchana limeshazama, ni masaa sita hivi, kivuli cha mti ulichokianza unywe chai kidogo tu unakuta kimehamia kwa jirani. Vichanganye kwa altramarini, ile bluu nzito, nyeupe, na kidogo sana ya siena iliyochomwa, ile kahawia ya udongo, ya kuizima hiyo bluu isipige kelele. Kisha miti na vitu vya rangi nzito. Theluji ya juani inakuja baada ya hapo, nyeupe na chembe ya njano, na ikikaribia jioni chembe ya pinki. Nyeupe tupu kama ilivyotoka kwenye tyubu iweke mwisho kabisa, sehemu mbili tatu, ukingo wa tawi hapa, mgongo wa tuta pale. Kama kila mahali ni nyeupe tupu, jua likitaka kung'aa litang'aa wapi?

Usichore juu ya kibao cheupe pia. Siku mbili tatu kabla kipake siena nyembamba iliyokaushwa na tambara, rangi ya udongo wa Same hivi, kikauke. Theluji ukiiweka juu yake unaiona, kwenye kibao cheupe huioni, ni nyeupe juu ya nyeupe. Na ukiacha vipande vya huo udongo vichungulie, picha inapata joto kama majani makavu yaliyo chini ya theluji. Paleti nayo iwe ya kijivu au ya mbao.

Alafu angalia umesimama vipi. Jua likipiga moja kwa moja kwenye kibao chako, kila rangi unayoweka unaiona inang'aa, kwa hiyo unaitia giza, unaitia giza, ukiingia ndani unakuta umechora usiku wa manane. Geuka, kibao kikae kivulini.

Na hili letu sisi watu wa pwani: tumezoea kwamba anga ndo nyepesi kwa rangi kuliko vitu vyote, bahari iko chini yake, ardhi nzito zaidi. Winta siku ya jua kali mambo yamepinduka, theluji ya juani ni nyepesi kuliko ile bluu ya angani. Nimemaliza mwaka wa kwanza mzima nachora anga nyeupe juu ya theluji ya kijivu kwa sababu mkono ulikuwa unakumbuka Tanga. Finya macho mpaka yakaribie kufumba, utaiona yenyewe.

Kaka, sina ugomvi na wewe lakini huo ni ujinga uliovaa koti. Simu zina kamera kali siku hizi, piga picha, rudi ndani, washa hita, chora kama binadamu. Nitajie msanii mmoja wa maana aliyekaa kwenye barafu hivyo. – Mbishi, Mombasa

Mmoja tu? Kaa chini Mbishi.

Claude Monet, Mfaransa. Winta ya 1868 kuingia 1869 alikuwa Étretat, Normandy, akachora ile picha ya kunguru wa huko wenye madoadoa meupe ametua juu ya lango la fito, theluji imejaa, vivuli vya ua ni bluu. La Pie inaitwa. Wakubwa wa maonyesho ya Salon ya Paris 1869 wakaikataa, leo iko jumba la makumbusho la Orsay hapo hapo Paris na watu wanapanga foleni. Kuna mwandishi wa gazeti alimkuta miaka hiyo kwenye baridi anachora, kavaa makoti matatu, kaweka jiko dogo la makaa la kupashia miguu, nusu kaganda. Unadhani aliacha? 1895 ana miaka 54, jina kubwa, hela anazo, akapanda akaja huku Norway mwezi wa pili, akakaa Sandviken, ambayo siku hizi ni Sandvika, treni kidogo tu kutoka Oslo. Akauchora mlima Kolsås zaidi ya mara kumi, anasema unamkumbusha mlima Fuji wa Japani, na kwenye barua anaeleza anavyochora theluji inamdondokea mpaka ndevu zimejaa barafu inayoning'inia. Mi nimeshasimama kuuchora mlima huohuo. Sio mkubwa, ukiona utasema ndo huu? Lakini ukiukalia siku tatu unaelewa, kila saa ni mlima mwingine.

Igor Grabar, Mrusi, 1904, nje ya Moscow. Aliona mti wa betula akiutazama kutokea chini, matawi meupe yakiwa kwenye anga ya bluu. Unajua alifanyaje? Akachimba shimo kwenye theluji lenye kina cha zaidi ya mita, akaingia humo na stendi yake na kanvasi kubwa ili aendelee kuuona mti kutokea chini vilevile. Akaweka na mwavuli aliopaka bluu, ili ule mwanga wa moto wa theluji usimrukie kwenye kanvasi ukamdanganya rangi. Nilivyosoma hivyo niliacha kulalamika kuhusu vidole vyangu kwa wiki nzima. Picha inaitwa Bluu ya Februari, iko jumba la picha la Tretyakov, Moscow.

Na wa mwisho ni wako kabisa. Akseli Gallen-Kallela wa Finland, mchora theluji hodari, maporomoko ya Imatra kayachora winta ya 1893, maji meusi yanapasua barafu. Huyohuyo 1909 akafungasha mke na watoto wawili akahamia Nairobi, akakaa mpaka karibu 1911, akatoka na michoro ya mafuta zaidi ya mia, jua letu, nyasi zetu, milima yetu. Hakuna aliyemwambia rudi kwenu kachore barafu. Sasa mimi nikielekea upande wa pili unaniita mjinga?

Kuhusu kamera, ni msaada, nami napiga. Ila kamera ikiona weupe mwingi inaogopa, inaufanya kijivu kama maji ya mchele, au inauunguza hakuna kitu ndani. Vivuli inavipaka bluu moja tu wakati jicho linaona nne. Siwezi kuchora nisichokiona.

Alafu jua kwamba wote hao wameweza kwa sababu ya kikopo kidogo. Zamani rangi iliwekwa kwenye kibofu cha nguruwe, unatoboa na msumari, inakauka, inapasuka kwenye begi. 1841 Mmarekani John Goffe Rand akapata hati ya tyubu ya bati ya kukamuliwa yenye kifuniko. Bila hiyo tungekuwa wote ndani na hita yako.

Mjomba, mi ni mjanja, nachorea ndani ya gari. Kiti cha abiria ndo studio, injini inanguruma, hita iko juu. Sasa mama watoto analalamika harufu, na watoto watatu wanapanda hilo gari kwenda shule. Kuna ubaya? – Baba Watatu, Minneapolis

Gari ni wazo zuri, wachoraji wengi wa kaskazini wanafanya. Ila mama watoto yuko sahihi kuliko anavyojua.

Tapentaini isiingie humo kabisa, wala ile isiyo na harufu, maana harufu haipo ila mvuke upo, na hita inauchemsha. Chora bila kuyeyusha kitu, brashi ifute tu na tambara, ukitaka kubadili rangi ichovye kwenye mafuta ya kitani ufute tena, nyumbani uioshe na sabuni ya kipande. Utashangaa hiyo tapentaini ulikuwa unaitumia kwa mazoea tu.

Kabla ya hapo lakini, toka ukaangalie bomba la moshi. Umepaki kwenye theluji, umerudi nyuma kidogo, bomba limezibwa na tuta, injini inaunguruma, na gesi ya sumu iliyo kwenye ule moshi, kaboni monoksaidi, inaingia ndani ya gari. Haina rangi, haina harufu, inakupa usingizi mtamu na ndo basi. Theluji ikiwa inaendelea kuanguka usiwashe injini kabisa ukiwa umekaa ndani, au toka kwanza ukafukue nyuma, fungua kioo kidogo, ndo uiwashe dakika chache.

Na matambara. Hapa niungame. Mwaka wangu wa tatu huku nilirudi jioni nimechoka, matambara yenye mafuta ya kitani nikayasokota yote nikayatupa kwenye mfuko wa plastiki kwenye kibaraza, nikaenda kulala. Usiku nasikia harufu kama kaanga iliyosahaulika jikoni. Nafungua mlango, mfuko unatoa moshi, baridi nje ni -9 na mfuko unatoa moshi! Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto, na ukiyafungia kwenye bonge la matambara joto halina pa kutokea, linapanda mpaka linawaka lenyewe, bila kiberiti. Nikaupiga teke kwenye theluji. Tangu siku ile matambara yangu nayaanika moja moja nje mpaka yakakamae, au nayazamisha kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Kwenye gari la watoto tambara lisilale hata usiku mmoja.

Picha mbichi ya kubeba, tumia boksi la pizza. Kibao kinalala chini, unakibana pembeni na tepu, kifuniko hakigusi rangi. Watoto watafungua wakidhani ni chakula, hilo sina dawa nalo. Ukifika nyumbani usiikimbize sebuleni kwenye joto, kibao kilichotoka kwenye baridi kinatoka jasho kama soda ya friji. Kiache kwenye veranda au korido nusu saa kwanza.

Je, nivae miwani ya jua wakati nachora? Macho yanauma. – Msomaji, Helsinki

Vaa ukiwa unatembea na ukiwa umepumzika, vua ukichanganya rangi, na vaa kofia yenye ukingo mpana muda wote. Theluji mpya inarudisha mwanga asilimia 80 mpaka 90, macho yanaungua kweli, usiku yanakuwa kama yametiwa mchanga, sio utani. Lakini mi nilichora siku nzima na miwani ya kioo cha kahawia, kufika nyumbani theluji yote ya kijani. Ukilazimika, tafuta ya kioo cha kijivu.

Shikamoo Mjomba. Mi ni fundi wa mabango na maandishi ya magari, natumia rangi ya mafuta ya kopo ya hardware na tina ya kuizimulia. Nataka kuichora Kibo na theluji yake nikiwa hapa hapa Moshi. Rangi yangu inafaa? Na kwa nini nikiuchora mlima unatoka kama kofia ya mpishi? – Fundi Mabango, Moshi

Marahaba fundi, swali lako nimeliacha mwisho kwa sababu nimelipenda.

Rangi ya kopo isikuonee aibu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwishoni mwa miaka ya 60, alitumia hiyo hiyo, ya baiskeli na milango, juu ya hadibodi, na leo jina lake ndo jina la aina nzima ya uchoraji. Ila ijue tabia yake. Inakimbia, inang'aa, inakauka upesi, na rangi mbili haziungani taratibu kama zile za tyubu, kwa hiyo kingo zako zitakuwa kali. Usilikoroge kopo la nyeupe, chota ule uzito uliokaa chini. Andakoti nyeupe, ile rangi ya kutangulia chini, ni bora kuliko ya kung'aa, maana haimetimeti. Na tina weka pembeni, ile inang'oa tabaka la chini, tumia tapentaini kidogo. Jua tu kwamba nyeupe ya kopo ina tabia ya kugeuka njano miaka ikienda, hasa picha ikikaa gizani. Ukipata hela nunua tyubu moja tu ya nyeupe nzuri ya titani ya wachoraji, zingine endelea na zako.

Sasa kofia ya mpishi. Unachora Kibo ya kwenye lebo za chupa, fundi. Imevaa duara jeupe mpaka masikioni. Hiyo ya ukweli haiko hivyo tena, barafu iliyokuwepo 1912, ilipofika 2007 karibu asilimia 85 ilikuwa imeshakwenda. Kutokea kwenu kusini unachokiona ni michirizi na vipande vinavyoning'inia kwenye mawe, na katikati kuna mwamba mtupu wa kahawia na zambarau. Mvua ikinyesha kubwa juu kunapakwa theluji mpya, mlima wote unakuwa mweupe siku chache, alafu inaondoka na mifupa inarudi. Chora kwanza mawe, theluji iweke juu ya mawe, usianze na weupe.

La pili ni hewa. Kati yako na kile kilele cha mita 5,895 kuna kilometa nyingi za hewa, na hewa inafanya kitu cha ajabu: vitu vyeusi vya mbali inavitia bluu, ndo maana msitu unauona kama bahari, lakini vitu vyeupe vya mbali inavifanya vya joto, vinakuwa na umanjano, hata rangi ya chungwa kidogo, kwa sababu bluu yao imetawanyika njiani kabla ya kukufikia. Theluji yangu ya huku iko mita kumi kutoka puani, inataka bluu nyingi. Yako iko mbali, weka nyeupe na njano ya udongo kidogo, na kivuli chake kisiwe bluu ya nguo ya shule, kiwe kijivu cha zambarau, chepesi, karibu kilingane na anga. Ukikifanya kizito mlima unakuja mbele unakaa juu ya paa la soko.

Asubuhi jua linakuja kutokea kuliani kwako ukiutazama mlima, kwa hiyo upande wa kulia unawaka, wa kushoto unalala. Vile vivuli vinafupika haraka, na mawingu yakishaanza kupanda kutoka msituni hayakusubiri. Amka saa kumi na moja, rangi iwe imeshakamuliwa, kibao kimeshapakwa rangi ya udongo, upande kwenye paa la mtu unayeelewana naye. Saa tatu unaweza ukawa unachora wingu.